Treni Iko Nyuma Yangu

Mtu akitembea peke yake katikati ya reli mwaka baada ya mwaka, mwishowe huanza kuzungumza na mataruma, yale magogo yanayobeba vyuma. Abdiel Kaaya alikuwa ameshafika huko. Asubuhi akitoka na panga lake mkononi na nyundo begani, alilisalimu lile taruma lililopasuka mbele ya mlango wake pale Lemara, na jioni akirudi alilipa pole ya jua. Halikumjibu, naye hakulichukia kwa hilo. Siku hizo hata binadamu waliomjibu walikuwa wachache.

Reli yenyewe usiitafute kwenye ramani kubwa. Ilikuwa tawi dogo tu la mizigo, lililochomoka kwenye reli kuu, likapita Lemara migongoni mwa nyumba za watu, likakatiza soko la Kwa Mrombo katikati, kisha likaenda kuishia kwenye maghala upande wa pili. Ilipeleka mbolea na saruji, ikarudi na maharage na ngano. Aliyeiendesha alikuwa mzee Ramesh, mfanyabiashara wa mjini, kwa hiyo watu waliiita Reli ya Ramesh. Wakiudhika waliiita majina mengine ambayo hayaandikiki.

Abdiel alizaliwa Akheri, kwenye miteremko ya Meru, katika nyumba ya wavulana wengi na shamba dogo. Baba yao alipogawa kihamba, hilo shamba la ukoo, kipande alichopata Abdiel kilitosha migomba michache na mbuzi mmoja, tena mbuzi asiyependa kugeuka. Akateremka mjini. Ramesh akamwajiri kwenye gengi la kubadilisha mataruma, akampa chumba kwenye kambi ya wafanyakazi Lemara, na humo ndimo Abdiel alimomleta mkewe Sabina na ndimo alimozaliwa mwanawe Romanus. Wakati huo kambi ilikuwa na kelele kama harusi. Watu waliazimana chumvi, waligombana kwa sababu ya maji, na Jumapili walikwenda kanisani kwa msafara.

Tuseme sasa kazi aliyopewa baadaye, maana bila hiyo hadithi hii haisimami.

Tuta la reli pale Kwa Mrombo limeinuka na lina kokoto, kwa hiyo masika yote, soko linapokuwa tope tupu, juu ya tuta ni pakavu. Akina mama hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Walitandika turubai zao katikati ya vyuma, wakapanga nyanya, vitunguu, dagaa na mitumba, na treni ilipokuja waliondoa vitu, ikipita wakavirudisha. Shida ilikuwa mnada wa ng'ombe ulio jirani. Kuna dereva aliwahi kupiga honi pale siku ya gulio, ng'ombe wakatimka, wakapita juu ya biashara za watu, na mama mmoja akavunjika nyonga. Hakutembea sawasawa tena. Wazee wa wafugaji wakaenda kwa Ramesh na fimbo zao, wakakaa ofisini kwake mpaka chai ikaisha, wakakubaliana naye: honi isilie tena sokoni. Treni isimame kwenye kona, nyuma ya mashine ya kusaga, mahali isipoonekana. Mtu atangulie kwa miguu na filimbi na bendera nyekundu, watu waondoe vitu vyao, na njia ikiwa wazi ainue bendera ya kijani, treni ije taratibu, mwendo wa mtu.

Mtu huyo akawa Abdiel. Alipewa kizibao cha reflekta cha rangi ya chungwa, na kwa miaka mingi watu wa soko hawakumjua kwa jina. Walimwita Babu Reli hata kabla hajaota mvi. Alipuliza filimbi, wakauliza, "Treni iko wapi?" naye akajibu, "Iko nyuma yangu." Hilo lilitosha. Hakuna aliyetoka kwenda kuchungulia kwenye kona. Matenga yaliinuliwa kwa neno lake.

Kisha mambo yakaanza kwenda mrama. Malori yakawa mengi, wateja wakahama mmoja baada ya mwingine. Mvua kubwa ikaja ikang'oa kalavati la kupitishia maji chini ya reli karibu na Lemara, na treni ikasimama. Gengi likapunguzwa, kambi ikahamwa, milango ikabaki na makufuli yenye kutu. Mzee Ramesh akaanza kuugua. Mwanawe Chirag alitaka tuta livunjwe eneo lijengwe fremu za maduka, dada yake Avni akakataa katakata, na kwa sababu ndugu hao hawakuelewana, Abdiel aliachwa afyeke majani mpaka waelewane. Katikati ya hayo yote Sabina akafariki. Wakamzika Akheri, waombolezaji wakakaa, wakala, wakaondoka. Romanus akarudi zake Geita kwenye kazi. Alikuwa akipiga simu Jumapili, wakaulizana kama mvua imenyesha, wakajibiana, simu ikakatwa.

Nisizunguke. Abdiel alikuwa mpweke. Alipika ugali kwenye sufuria ndogo kabisa na bado ulibaki. Kuna juma lilipita akagundua kwamba sauti yake imekuwa nzito kama ya mtu aliyetoka usingizini, kwa sababu hakuwa ameitumia.

Kalavati likajengwa upya, na siku moja ya gulio Avni akaagiza kichwa cha treni kijaribiwe. Abdiel alivaa reflekta kwa furaha ya bwana harusi. Akatangulia, akapuliza filimbi, soko likashtuka, kisha likafurahi. "Babu Reli kafufuka!" Wakaondoa matenga, wakasimama pembeni wakisubiri. Akainua bendera ya kijani. Hakikuja kitu. Injini ilikuwa imezimika Lemara, na Nelson, dereva, alikuwa ameingia chini yake na spana.

Lakini angalia kilichotokea wakati wa kusubiri. Watu waliosimama bila kazi huongea. Muuza chai alimletea kikombe na andazi. Simaloi, mama wa Kiarusha aliyeuza nyanya pale tangu ujana wake, alimpa pole ya Sabina, akamuuliza alivyougua, akasikiliza mpaka mwisho. Mwingine akamtania amekonda, aoe. Abdiel alicheka. Alirudi Lemara na moyo umemchangamka, na usiku huo ugali uliisha.

Gulio lililofuata hakukuwa na treni yoyote, na yeye alijua. Alivaa reflekta.

Sitaki kumtetea. Njiani alijiambia kwamba anawazoesha watu, wasije wakasahau kwamba reli ni reli, na labda sehemu yake ilikuwa kweli. Lakini mtu anayekwenda kuzoesha watu hanyoi ndevu kwanza. Alipuliza filimbi, wakauliza treni iko wapi, akasema iko nyuma yangu, nao wakainua, wakasubiri, wakaongea naye. Baada ya muda alisema imeharibika tena, poleni. Wakacheka wakarudisha vitu. Gulio lililofuata akaja tena. Na lililofuata.

Watu wa soko si wajinga. Kuinua tenga la nyanya si mchezo, na nyanya hupondeka. Kwanza waliinua kwa uvivu. Baadaye wakawa wanasogeza kwa mguu. Mwisho wakabaki wameketi, wakimpungia mkono.

"Shikamoo babu! Treni iko wapi?"

"Marahaba. Iko nyuma yangu."

"Babu, wewe ndiyo treni yenyewe," Simaloi alimwambia siku moja bila kunyanyuka, huku akifuta nyanya kwa kanga. "Haya pita, tumeshaona mabehewa yako."

Soko zima liliangua kicheko. Abdiel naye alicheka, akapita katikati yao akiruka turubai, na uso ulimchoma mpaka alipofika upande wa pili.

Basi ikawa hivi. Avni, ambaye alikuwa amezunguka kwa wafanyabiashara wote wa mjini mpaka viatu vikaisha, alimpata mmoja aliyekubali kumsikiliza. Huyo ni Paramjit, mwenye maghala ya mbolea. Alisema atapakia mabehewa machache tu, atapanda mwenyewe kichwani na dereva, aone. Mzigo ukifika vizuri, mbolea yake yote ya msimu itapita reli. Usipofika, asisumbuliwe tena. Na Avni alikuwa amemwahidi kaka yake kwamba hilo ndilo jaribio la mwisho. Likishindikana, atasaini tuta livunjwe.

Avni alikuja mwenyewe kambini kumwambia Abdiel.

"Shikamoo mzee. Safari ni Alhamisi."

"Marahaba. Alhamisi ni gulio, dada."

"Najua. Paramjit hana siku nyingine. Lakini si upo? Watu wa soko wanakusikiliza wewe kuliko mtu yeyote."

Abdiel alifungua mdomo. Pale ndipo alipopaswa kusema. Badala yake alisema, "Hakuna shida," akaingia ndani, akakaa kitandani akiitazama filimbi.

Alhamisi ilianza na ukungu, Meru haukuonekana. Treni ilitoka stesheni bila hitilafu, ikapita Lemara watoto wakiikimbilia, ikafika kwenye kona ya mashine ya kusaga ikasimama. Nelson akamwonyesha dole gumba dirishani. Pembeni yake Paramjit, mtu mzima mwenye kilemba cha bluu, alikuwa amekunja mikono. Avni alisimama kwenye ngazi ya injini na simu sikioni. Abdiel akakunjua bendera nyekundu akaingia sokoni.

Alipuliza filimbi. Wachache waligeuka.

"Shikamoo babu! Treni iko wapi?"

"Iko nyuma yangu. Jamani, ondoeni vitu."

"Sawa babu!" Hakuna aliyenyanyuka.

Alipuliza tena. Akafika kwa muuza dagaa, akajaribu kushika kona ya turubai lake, mama akamchapa kofi dogo la utani mkononi. "Leo ni kweli!" Abdiel alisema. Wakacheka. Alisema kwa nguvu zaidi, wakacheka zaidi, maana hawakuwahi kumwona akiigiza vizuri hivyo. Muuza chai akamuuliza kama behewa la kwanza lina sukari, maana imepanda bei.

Simu yake ikalia. Ilikuwa Avni. "Mzee, kuna nini? Paramjit anatazama saa."

"Hawaondoki, dada."

"Hawaondoki kwa nini? Basi nitamwambia Nelson apige honi. Mara moja tu, wataondoka wenyewe."

Abdiel alitazama mnada. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko kawaida, wamefungwa kamba za katani, na kati yao na reli palikuwa na akina mama waliokaa chini wamenyoosha miguu. Alimkumbuka yule wa nyonga.

"Usipige honi," alisema. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Dada Avni, nakuomba. Kosa ni langu. Nipe dakika."

Akakata simu, akatia filimbi mfukoni, akavua kofia. Akapanda juu ya kreti tupu la soda. Mtu anayezungumza na mataruma hajazoea kuhutubia, na mwanzoni maneno yalikataa kutoka.

"Nimekuwa nikiwadanganya," alisema.

Waliokuwa karibu wakageuka.

"Ile siku ya kwanza treni ilikuwepo, iliharibika. Nyingine zote hakukuwa na kitu. Nilikuwa najua. Nilikuwa navaa hivi nakuja, ninyi mnainua nyanya zenu, zinapondeka, na nyuma yangu hakuna kitu. Tangu Sabina aende sina wa kuongea naye. Kule kambini nimebaki peke yangu. Niliona nikija na bendera mnanisalimu. Ndiyo sababu. Sina sababu nyingine. Nimewakosea, na mkitaka kunitukana nitarudi jioni mnitukane. Lakini leo iko pale, nyuma ya mashine. Ikishindwa kupita leo haitapita tena, wataing'oa. Na wakipiga honi hawa ng'ombe watapita juu yenu. Nawaomba."

Abdiel alitazama viatu vyake. Alitamani ardhi ipasuke.

Simaloi alinyanyuka. Alikuwa mzito, magoti yalimsumbua, kwa hiyo ilichukua muda. Akashika tenga lake la nyanya kwa mikono miwili, akalitoa nje ya vyuma, akalitua. Kisha akageuka akamtazama juu pale kwenye kreti, na hakuwa akicheka.

"Baba Romanus," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Ungekuja tu ukakaa. Nani alikwambia mtu anahitaji treni ndiyo asalimiwe?"

Wengine wakaanza kuinua. Turubai zikakunjwa, dagaa wakamwagika wakazolewa. Hakuna aliyesema neno, na kwa Abdiel hilo lilikuwa zito kuliko matusi. Njia ilipokuwa wazi aliinua bendera ya kijani, na kwenye kona ile kichwa cha treni kikachomoza kweli, kimechelewa, kinanguruma chini chini, kikamfuata mwendo wa mtu mpaka mwisho wa soko. Ng'ombe waliinua vichwa wakarudia majani yao.

Mzigo ulifika. Paramjit alishuka, akakagua mifuko, hakukuta uliochanika. Akampa Avni mkono, na Avni akaenda nyuma ya ghala akalia peke yake kidogo, ndipo akarudi. Mbolea yote ya msimu ingepita kwa reli. Ila Paramjit alikuwa na sharti, na lilikuwa la haki, hata mimi ningelitoa. Alisema hawezi kuweka mali yake kwenye pumzi za mzee mmoja mwenye filimbi. Soko lisogezwe, reli izungushiwe uzio.

Viongozi wa soko walikaa na Avni, akawajazia kifusi upande wa pili pakawa pakavu kama tutani, akina mama wakahamia huko na mabanda yenye bati. Uzio wa seng'enge ukapita huku na huku. Treni ikaanza kwenda na kurudi, na Nelson hakuhitaji tena kusimama kwenye kona. Kuhusu uongo wa Abdiel, Avni alimwita mara moja, akasema, "Mzee, ungeniambia." Hakumfukuza. Alimwachia kufyeka majani na kugonga misumari ya mataruma. Bendera Abdiel alizirudisha ofisini. Reflekta alibaki nayo.

Kwa hiyo reli ikapona, na Abdiel akapoteza mahali pekee alipokuwa akiitwa. Siku za gulio alitembea kati ya seng'enge mbili akisikia soko upande wa pili, vicheko na mizani na watu wakipunguziana bei, na hakuna aliyemwona kwa sababu mabanda yalikuwa yamempa migongo. Treni ikija alisimama pembeni. Nelson alimpungia, akapita. Alitamani kwenda kule. Lakini maneno yale aliyoyasema juu ya kreti yalikuwa yamemvua nguo mbele ya watu, na kila alipoyakumbuka alifyeka kwa nguvu zaidi.

Masika yakapita. Alhamisi moja akaona amefyeka mpaka hakuna cha kufyeka. Akaenda nyumbani, akaoga, akavaa shati lake la kanisani, akazunguka kwa barabara, njia ndefu, akaingia sokoni kwa lango la mbele kama mteja. Hakuwa na filimbi. Hakujua mikono aiweke wapi.

Mstari wa nyanya ulikuwa umejaa matenga mpaka njiani, hapapitiki. Kwenye banda la mbele alikuta dada ambaye alikuwa akimwona kila gulio miaka yote, Angel, muuza vitunguu. Huyu alikuwa amemwamkia mara ngapi! Angel alimtazama usoni, akatabasamu tabasamu la biashara, akashika kopo la kupimia.

"Karibu mzee, nikupimie sado ngapi?"

Hakumtambua. Bila reflekta alikuwa mzee yeyote tu aliyetumwa vitunguu. Abdiel alisema, "Nusu," kwa sauti ndogo, akaingiza mkono mfukoni kutafuta hela, alipe, aondoke.

Mbele zaidi, katikati ya mstari, mtu alikuwa ameacha kufuta nyanya.

"Wee Angel," Simaloi aliita, "na wewe hapo, na wewe. Hebu nyanyueni hayo matenga. Hamsikii treni?"

Angel akageuka huku na huku, akamtazama tena yule mzee mwenye shati la kanisani, akashika mdomo. "Mungu wangu, Babu Reli! Shikamoo!"

Wakainua, tenga baada ya tenga, mstari mzima, kama zamani. Simaloi alimgeuzia kreti la soda, akalifuta kwa kanga yake.

Abdiel akapita katikati yao, akakaa.